Mmemsahau Mokhtar Dahari

Ndugu Mhariri,

Orodha yenu ya wafungaji bora wa timu za taifa niliisoma mara mbili, nikidhani macho yananidanganya. Ronaldo yumo, Messi yumo, Ali Daei wa Iran yumo. Puskás wa Hungaria, mwenye mabao 84, mmemwekea hadi picha. Mokhtar Dahari wa Malaysia, ambaye kwa hesabu inayotambuliwa na FIFA alifunga mabao 89 katika mechi 142, hayumo hata kwa herufi ndogo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Chake Chake, na kosa la namba hunikosesha usingizi. Lakini hili lina lake zaidi kwangu. Kati ya mwaka 2003 na 2007 nilisoma Kuala Lumpur, nikapanga chumba mtaa wa Setapak. Sikujua kuwa Mokhtar alizaliwa huko huko, Novemba 1953. Aliyenijulisha ni mzee mmoja mwenye mgahawa ambako nilikuwa nakunywa chai ya maziwa baada ya sala ya Isha. Aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Zanzibar. Akauliza kama tunacheza mpira. Nikaanza kumtajia washambuliaji wetu mmoja mmoja, naye akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanijibu kwa jina moja tu: Supermokh. Ndivyo wanavyomwita kule.

Usiku mwingine, wateja walipopungua, alipanga vikombe mezani kunionyesha bao la mwaka 1978. Uwanja wa Merdeka, Malaysia dhidi ya timu B ya Uingereza, matokeo 1-1. Kijiko ndiye alikuwa Mokhtar. Mzee akakianzisha katikati ya meza, akakipitisha kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, anakisogeza polepole kama mtu anayeogopa kukosea, na kikombe cha kipa akakilaza ubavu. Alikuwepo uwanjani siku ile, kijana wa ishirini na kitu. Nilipomtazama usoni, macho yalikuwa yamelowa. Kila alipomtaja alitanguliza "Allahyarham", yaani marehemu, nami sikuhitaji mkalimani.

Nasema haya kwa sababu wapo watakaodai kuwa mabao yale yalifungwa Asia tu, dhidi ya timu nyepesi. Basi wamtazame Mei 1975, Arsenal walipofika Kuala Lumpur kucheza na kikosi teule cha Selangor, jimbo la Malaysia. Selangor walishinda 2-0, na mabao yote mawili ni ya Mokhtar, kijana wa miaka 21 wa soka la ridhaa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Malaysia walikuwa wametoka Tehran na medali ya shaba ya Michezo ya Asia, baada ya kuwafunga Korea Kaskazini 2-1 katika mechi ya mshindi wa tatu, na yeye alikuwa katika kikosi hicho. Dhahabu ya Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia waliichukua mwaka 1977 nyumbani, kisha 1979 Jakarta.

Tena sisi tusiwe wa kwanza kupima bao kwa umaarufu wa aliyefungwa. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Tanzania Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980, tunalisimulia mpaka leo. Angekuja mtu wa Ulaya akatuambia halihesabiki kwa kuwa ni Zambia tu, tungemwelewa?

Kweli, wapo wanatakwimu wanaompunguzia Mokhtar idadi kwa kuziondoa mechi wasizozikubali kuwa za kimataifa kamili. Huo ni mjadala halali, na mngeweza kuutaja kwa sentensi moja chini ya jedwali. Kumfuta mtu mzima ni jambo jingine kabisa.

Aliichezea Malaysia kuanzia 1972 hadi 1985. Hakuwahi kusajiliwa Ulaya. Selangor ndiyo ilikuwa kwao. Miaka sita tu baada ya kuivua jezi ya taifa, tarehe 11 Julai 1991, alifariki kwa ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Alikuwa na miaka 37. Nafikiri sana juu ya ugonjwa huo, kwa mtu ambaye miguu yake ilikuwa fahari ya nchi nzima. Siku hizi akademia ya taifa ya vijana iliyoko Gambang, jimbo la Pahang, ina jina lake, na watoto wanaofundishwa pale hawakuwahi kumwona.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, mchapishe masahihisho, na yawe ukurasa ule ule wa michezo mlikoweka orodha, siyo kona ya matangazo madogo. Jina lake liandikwe kama anavyoandikwa kwao: Mokhtar, kwa "o", si Mukhtar. Mkishachapisha nitakata kipande hicho cha gazeti. Mzee wa Setapak, kama bado yu hai, hatasoma Kiswahili, lakini jina lile na ile 89 atavitambua, na anwani ya mgahawa ninayo bado.

Wenu,
Mwalimu wa hesabu,
Chake Chake, Pemba