Barua ya wazi kwa vijana wa rock wa Moshi: msimlilie Ozzy kwa chupa

Wanangu, marahaba kwa wote mnaonipa shikamoo pale Majengo na pale stendi mkipita na tisheti zenu nyeusi. Nimeamua kuandika huku maana nikiwaita mmoja mmoja mtasema mzee kaanza kuhubiri, na hili nataka mlisome wote, wa Soweto, Njoro, Pasua, mpaka nyie wa Boma Ng'ombe mnaopandaga gari wikiendi kuja kupiga magitaa na wenzenu.

Tangu Ozzy Osbourne, yule mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, afariki tarehe 22 Julai 2025 nimeona mnavyomkumbuka. Picha zake ziko kwenye simu zenu, jina lake liko kwenye boda, kuna mmoja wenu kajifunza kupiga wimbo wao wa Paranoid mzima kwa gitaa lililokatika uzi na mimi nilisimama nje ya geti nikasikiliza mpaka mwisho. Hilo sina tatizo nalo kabisa. Wapo wanaowacheka eti mnamlilia mzungu ambaye hakuwahi hata kukanyaga hapa, nawaambia mbona 2007 Lucky Dube alipouawa mji mzima ulinuna na wengi wetu hatukuwahi kumuona kwa macho. Mtu ambaye sauti yake ilikaa na wewe usiku ambao hukuwa na wa kuongea naye, huyo ana haki ya kuliliwa.

Ila nimesikia mpango wenu wa Julai hii, kila mtu aje na chupa yake, mnywe mpaka mdondoke "kama Ozzy". Hapo ndo nakataa, na nakataa kwa sababu nampenda huyo mtu kama nyie, nimemsikiliza toka enzi za kanda tulizokuwa tunarekodiana mpaka sauti inakuwa ya mchanga.

Mnajua pombe ilimfanyia nini? 1979 wenzake wa Black Sabbath walimfukuza kwenye bendi, na hao hawakuwa watawa, nao walikuwa wanatumia, ila yeye alikuwa amezidi hata kwao. 1989 alilewa akamkaba mkewe Sharon shingo karibu amuue, polisi wakaja wakamchukua, asubuhi anaamka mahabusu hakumbuki chochote, akaenda kukaa miezi kwenye matibabu. Hiyo sio stori ya kishujaa wanangu, kulikuwa na watoto wadogo kwenye ile nyumba. Na Randy Rhoads, yule kijana mpiga gitaa wake, alikufa Machi 1982 kwenye kandege kule Florida akiwa na miaka 25 tu, na rubani wa ile ndege alikutwa na kokeini mwilini. Randy mwenyewe hakuwa mtu wa mambo hayo. Wakiwa kwenye ziara, mji wanaofika yeye anatafuta mwalimu wa gitaa la klasiki anaenda kulipia somo, wakati tayari yuko kwenye bendi kubwa duniani! Kama mnataka wa kumuiga kuna huyo.

Alafu nyie mnajua mko mkoa gani. Mbege ya wazee wetu, ya ndizi na ulezi, ilikuwa na utaratibu wake, kata inapita kwa mpangilio na mtu akizidisha anaambiwa nenda kalale. Hii ya sasa ya gongo na machupa madogo makali ni kitu kingine. Viroba, vile vipakti vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017 na mimi nilishukuru Mungu, lakini tayari tulikuwa tumezika vijana wengi ambao sasa hivi wangekuwa na familia zao. Sitaki nije kwenye msiba wa mmoja wenu nikute kavalishwa ile tisheti.

Hebu mkumbukeni kwa mambo aliyoyafanya akiwa na akili zake. Alizaliwa Desemba 1948, akakulia pale Aston, Birmingham, mji wa viwanda, kwao walikuwa watoto sita nyumba ndogo, shule ilimshinda maana kusoma kulimpa shida, akafanya kazi machinjioni, akaiba akafungwa wiki kadhaa kwa sababu baba yake aligoma kumlipia faini. Mwenzake Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, na kwa vile anapigia mkono wa kushoto, vidole vilivyokatika ndo vile vya kubonyezea nyuzi. Basi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea kofia za vidole, baadae akalegeza nyuzi zisimuumize, na ule mlio mzito mnaoupenda ulikolezwa na vidole vya kubandika vya fundi wa kiwandani. Nyie mnaoniambia hatuwezi mzee vifaa hatuna, wazazi wenu wengine walifanya kazi kiwanda cha magunia na kiwanda cha ngozi hapahapa, kaeni na hiyo stori vizuri.

Na siku ya mwisho sasa, ndo hasa nilikotaka kufika. Tarehe 5 Julai 2025, Villa Park, uwanja huohuo wa Aston Villa mnaouona kwenye vibanda umiza. Ozzy alishatangaza Januari 2020 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kukakamaa, na mgongo umeshafanyiwa upasuaji mara kadhaa, kutembea hawezi. Kaimba akiwa amekaa kwenye kiti cha enzi. Metallica, Guns N' Roses, Slayer wote wamekuja kumpigia, na wale wanne wa mwanzo wa Black Sabbath wakapanda jukwaani pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20. Faida ikapangwa iende kwa Cure Parkinson's, hospitali ya watoto ya Birmingham, na Acorns wanaolea watoto wenye magonjwa yasiyopona. Siku 17 baadae akafa. Yani mtu anatetemeka mbele ya dunia nzima hajifichi, na hela anawapa wagonjwa.

Kwetu hapa anayetetemeka anafichwa. Kaka yangu mkubwa alianza mkono mmoja, watu wakasema karogwa, wengine wakasema ni pombe, akazungushwa kwa waganga mpaka mifugo ikapungua zizini, alipokuja kufikishwa hospitali akapewa vidonge, baada ya muda akaweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Miaka yote ile ya kufungwa vifungo na wajukuu ilikuwa ya bure. Na sio yeye peke yake, kuna utafiti ulifanyika hapo wilaya ya Hai ukachapishwa 2008, walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo la watu zaidi ya 160,000, wakakuta wagonjwa 33 na wengi wao hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Nyie wa Boma hao ni babu na bibi zenu.

Kwaiyo naomba hivi. Kabla ya hiyo siku pitieni mitaani kwenu na vijijini kwenu muangalie wazee. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia tu, anatembea hatua fupi za kukokota, uso umekakamaa kama hana furaha, sauti imekuwa ndogo, ukimpa asaini jina herufi zimekuwa ndogo ndogo. Sio kila anayetetemeka ni Parkinson, hilo ataamua daktari, nyie kazi yenu ni kumfikisha. Kuna dawa inaitwa levodopa, haiponyi ila inampunguzia mtu mateso sana, na mwenye kadi ya bima aje nayo. Anzeni na kituo cha afya cha karibu, wakiwapa rufaa ya hospitali ya KCMC nendeni naye, msimuache akae foleni mwenyewe.

Kuhusu wazazi wenu na watu wa kanisani wanaosema mnapiga mziki wa shetani, msibishane nao kwa kelele. Wakileta ile ya kwamba alimng'ata popo kichwa jukwaani, waambieni ukweli, ilikuwa Januari 1982 Des Moines, Marekani, alirushiwa akadhani ni wa plastiki, akaishia kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Wafafanulieni ule wimbo wa Black Sabbath, War Pigs, unasema nini, kwamba wakubwa wanapanga vita na watoto wa maskini ndo wanaenda kufa. Mimi ni Mlutheri, nimeimba kwaya, na hayo maneno sikuona ubaya wake. Ila mkiwa mmelewa hakuna atakayewasikiliza hata mkiongea vizuri vipi.

Sherehe yenyewe fanyeni mchana, saa nane mpaka kumi na mbili, soda na ndizi nyama, uwanja wa kupigia nitawaombea mimi kwa jirani yangu. Weka kikapu mlangoni, hela itakayopatikana ni nauli ya hao wazee na hakuna kutoa hata mia ya kitu kingine. Atakayekuwa na mzee wa kupeleka aje nyumbani jioni yoyote tuandike jina na siku, wenye boda mtagawana zamu, na wale ambao hawawezi kupanda boda nitaongea na mwanangu mwenye noah atubebe.