Mafundi wetu wasizibe tremolo ya gitaa bila kumwambia mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalowahusu wapiga gitaa wa bendi, wa makanisani na wa harusini hapa Kampala, pamoja na mafundi wanaotutengenezea vyombo vyetu. Ninalolilalamikia ni desturi ya kuziba tremolo ya kufunga kwa kipande cha ubao na gundi kila inapokataa kutulia, bila kumweleza mwenye gitaa kilichofanyika na bila kutafuta kwanza ugonjwa uko wapi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha mafundini: mmoja katoka Arua, mwingine Bunia, mwingine Busia, na gitaa lililo mezani ni la Mganda.

Kwa wasomaji wasiokifahamu kifaa chenyewe, tremolo ni daraja la gitaa la umeme linaloinama na kuinuka mpigaji anaposukuma mkono wake wa chuma, hata sauti za nyuzi zote zikashuka au kupanda kwa pamoja. Jina hilo si sahihi, kwa kuwa tremolo katika muziki ni kutetemeka kwa nguvu ya sauti na si kupanda na kushuka kwake, lakini limekwisha kuzoeleka tangu Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alipolitumia kwa daraja la gitaa la Stratocaster mwaka 1954. Udhaifu wa daraja lile la zamani ni kwamba uzi ukilegezwa na kuvutwa tena hukwama kwenye kizingiti cha shingoni, au huteleza kidogo kwenye kigingi chake, nao haurudi pale ulipokuwa. Floyd Rose, Mmarekani aliyekuwa mpiga gitaa mwenyewe, aliubana uzi pande zote mbili, shingoni na darajani, na mwaka 1979 akapewa hataza ya uvumbuzi huo, ambao ndio tremolo ya kufunga ninayoizungumzia. Skrubu ndogo za kutyunia, yaani kuweka sawa sauti za nyuzi, zilizo juu ya daraja ziliongezwa baadaye, maana uzi ukishabanwa shingoni vigingi vya kichwani havina kazi tena.

Daraja hili halikukazwa kwenye mti wa gitaa. Limeegemea nguzo mbili za chuma kwa makali mawili yaliyochongwa mfano wa kisu. Upande mmoja linavutwa na nyuzi sita, na upande wa pili, ndani ya tundu lililo mgongoni mwa gitaa, linavutwa na springi tatu, nne au hata tano. Pande hizo mbili zikilingana, daraja husimama sambamba na uso wa gitaa, na hapo ndipo linaporudi mahali pake kila linapoachiwa. Seti ya nyuzi za namba 9 hadi 42, namba zinazoonyesha unene wa nyuzi, ikityuniwa kwa kawaida huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 38, na ya namba 10 hadi 46 huvuta kwa takriban kilo 46. Springi zilizopimwa kwa seti ya kwanza haziwezi kuistahimili ya pili. Sasa tazama mazoea yetu: mpigaji huingia dukani na kununua pakiti aliyoikuta, leo ya 9, mwezi ujao ya 10, naye hushangaa kuona mkia wa daraja umenyanyuka kama ubawa na nyuzi zimekaa mbali na freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Gitaa halijaharibika hata kidogo. Mizani ndiyo imebadilishwa, na anayepaswa kuirudisha anahitaji bisibisi na subira ya saa moja.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa uchungu. Katika harusi moja Mukono, uzi wangu wa kwanza ulikatika katikati ya wimbo wa kuwaingiza maharusi. Springi zilipopunguziwa mzigo zililivuta daraja nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zikapanda zote kwa wakati mmoja, kila uzi kwa kiasi chake, hata pasiwe na kodi moja, yaani sauti kadhaa za kupigwa pamoja, niliyoweza kuishika ikapatana na besi na kinanda. Nilizima sauti nikasimama kimya mpaka wimbo ukaisha, wazazi wa bibi harusi wakinitazama. Hiyo ni tabia ya daraja linaloelea, na anayelipiga jukwaani lazima ajue kwamba itamfika siku moja, awe na gitaa la pili pembeni.

Kesho yake nililipeleka gitaa kwa fundi, ambaye sina haja ya kumtaja. Nililichukua baada ya siku tatu likiwa limetulia kabisa, nami nikalipa kwa furaha. Nyumbani niliposukuma mkono wa tremolo haukusogea. Nilifungua kifuniko cha mgongoni nikakuta kipande cha plaiwudi kimeshindiliwa kati ya mti na bloku, ile nondo nzito inayoning'inia chini ya daraja, kimepakwa gundi nyeupe pande zote na kupigwa msumari mmoja mshazari, na ule msumari ulikuwa umepasua mti wa gitaa ufa wa urefu wa kidole gumba. Kukitoa kwa tindo ndogo kulinichukua jioni mbili.

Mzee mmoja wa Katwe, fundi wa vyuma na si wa magitaa, ndiye aliyeniambia ukweli. Aliling'oa daraja, akaliinua mbele ya dirisha na kupitisha ukucha wake polepole kwenye yale makali mawili. Kwenye makali ya kushoto ukucha uliteleza moja kwa moja. Kwenye ya kulia ulinasa. Palikuwa na pengo dogo lisilozidi punje ya wimbi, na nguzo ya upande huo nayo ilikuwa na mchubuko uliolingana nalo. Kila daraja liliporudi, liliketi mara ndani ya pengo, mara kwenye ukingo wake, na tofauti hiyo isiyoonekana kwa macho ndiyo niliyokuwa nikiisikia sikioni kwa mwaka mzima huku nikiyalaumu manyunyu na joto la Kampala. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, daraja lilikuwa la bei nafuu, limesubiwa kwa mchanganyiko laini wa zinki badala ya chuma cha pua kilichokomazwa kwa moto. Ya pili, mtu fulani alikuwa amezizungusha nguzo ili kushusha nyuzi huku nyuzi zenyewe zikiwa zimekazwa kikamilifu, na chini ya mzigo wa kilo arobaini hivi nguzo inayozunguka huyasaga makali kama tupa. Nguzo zisiguswe kabla nyuzi hazijalegezwa.

Kutokana na hayo, ninayo maoni juu ya namna ya kuboresha kifaa hiki, nami nayatetea. Wauzaji hutushawishi tuanze na bloku, tukatoa ya zinki na kuweka ya shaba njano au ya chuma cha pua ili sauti idumu. Ni kweli bloku nzito husaidia, lakini mimi naiweka mwisho. Fedha ya kwanza iende kwenye bamba la daraja lenye makali magumu na nguzo zake mpya, kwa pamoja, kwa sababu makali mapya juu ya nguzo iliyochubuka hayatadumu. Kabla ya kuagiza, kalipa, kile chombo cha kupimia milimita, itumike: Floyd Rose ya asili huhitaji nguzo zilizoachana karibu milimita 74 kutoka kati hadi kati, lakini nyingi za kuiga zina vipimo vyake zenyewe, na fundi anayetoboa mashimo mapya kando ya yale ya zamani hudhoofisha mti mahali panapobeba mzigo wote. Bloku nazo hutofautiana kwa urefu, milimita 32, 37 au 42, na iliyo ndefu kupita unene wa gitaa itachomoza nje ya mgongo wake. Kibanio cha shingoni lazima kilingane na upana wa shingo na mviringo wa ubao wake wa freti. Anayekiweka kwenye gitaa lisilokuwa nacho atalazimika kukata mti wa shingo, na ukishakatwa haurudishwi.

Kulifunga daraja vizuri ni kazi ya utaratibu zaidi ya kipaji. Kwanza niliwekee kitambaa kilichokunjwa chini ya mkia wake lisizame nyuzi zinapotolewa, au nibadilishe uzi mmoja mmoja. Kila uzi hukatwa ile shanga ya mwisho, ukatiwa kwenye kikalio chake, yaani kiti kidogo cha darajani kinachoushika, na kubanwa kwa ufunguo wa aleni wa milimita 3, kwa nguvu ya vidole tu, kwa kuwa kikalio cha zinki hupasuka kikilazimishwa. Kisha natyuni vibanio vya shingoni vikiwa wazi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: uzi wa sita ukishakaa sawa, ukipandisha wa tano wa sita hushuka, na ukimaliza wa kwanza wote waliotangulia wamehama. Sharti nizunguke nyuzi zote mara nne au tano, kila mara tofauti ikipungua. Zikitulia nalitazama daraja kwa ubavuni. Mkia ukiwa juu, nakaza kidogo zile skrubu mbili ndefu zinazoshika bamba la springi. Ukiwa umezama, nazilegeza. Halafu natyuni upya. Nazivuta nyuzi kwa mkono zimalize kulegea, naziweka skrubu ndogo za darajani katikati ya mwendo wake ili zibaki na nafasi ya kupanda na kushuka, ndipo nafunga shingoni. Sauti zikipanda wakati wa kufunga, ule ufito ulio nyuma ya kibanio haujaushusha uzi ukalala barabara juu yake, nao ushushwe. Kurekebisha vikalio kwa kulinganisha sauti kwenye freti ya 12 huja mwisho, na kila kikalio kisogezwe uzi wake ukiwa umelegezwa.

Sisemi kwamba kuzuia daraja ni kosa kila mara. Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukitumia kifaa hiki, alilikalisha daraja lake juu ya mti wa gitaa liweze kushuka tu bila kupanda, na uzi mmoja ukikatika kwenye daraja la namna hiyo nyingine hubaki mahali pake. Kwa mpigaji wa harusi au wa ibada huo unaweza kuwa uamuzi wa busara, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa gitaa langu la pili, kwa kipande cha mti mgumu nilichokipiga msasa mpaka kikaketi bila gundi wala msumari. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo uwe wa mwenye gitaa, na kazi ifanywe kwa namna inayoweza kutenguliwa kesho.

Basi nawaomba mafundi wa Kampala mambo haya. Wamuulize mteja anatumia nyuzi za namba gani, na wazifunge hizo hizo. Wapitishe ukucha kwenye makali kabla ya kutaja bei. Sehemu waliyoitoa wamrudishie mwenyewe ndani ya bahasha, hata kama imeharibika. Wauzaji nao watueleze kipimo cha nguzo kabla hatujalipa, na watupe funguo za aleni zinazokuja na kifaa, kwani mara nyingi hatuzioni, na fundi asiye nazo hutumia koleo. Nawe, Mhariri, gazeti lako linapowapa nafasi mafundi wa magari na wa simu kueleza kazi zao, uwafikirie na hawa wa vyombo vya muziki. Yule mzee wa Katwe alinichongea makali yale kwa tupa laini na jiwe la mafuta, nikalipiga gitaa lile miezi minane zaidi mpaka nilipopata bamba la chuma cha pua, na sijawahi kuona popote maelezo ya kazi yake yakiandikwa kwa Kiswahili.

Wako,
Mpiga gitaa la solo,
Nsambya, Kampala