Picha za nyumba ya kuuza: kwa nini safari ya pili tunaitoza

Wiki iliyopita mama mmoja wa Njiro, hapa Arusha, alitupigia simu akiwa amekasirika kweli. Jumanne tulikwenda kwake kupiga picha za nyumba anayoiuza, tukakuta nguo zimeanikwa barazani, vyombo vya usiku vimejaa kwenye sinki, na gari bovu limekaa juu ya matofali mbele ya mlango mkubwa. Tukapiga tulichoweza. Ijumaa tukarudi, na safari hiyo tukamtoza nusu ya bei. Akatuita matapeli. "Si mngevifuta tu kwenye kompyuta?"

Swali hilo haliishi, kwa hiyo nalijibu leo.

Kufuta kitu kwenye picha ni kazi kama kazi nyingine. Ndoo moja iliyo juu ya marumaru tupu naiondoa haraka. Lakini shuka lililoanikwa mbele ya dirisha la nondo linanilazimu kuchora upya kila nondo iliyokuwa nyuma yake, na bado mnunuzi mwenye jicho atashtuka. Dada wa kazi angelianua shuka hilo kwa dakika moja. Mimi nitalikalia saa nzima, na saa hiyo ina bei.

Halafu kuna lenzi. Sebule za mjini hazina nafasi ya kurudi nyuma, hivyo ndani tunatumia lenzi pana, na lenzi pana hutanua chochote kilicho karibu nayo na kilicho pembezoni mwa picha. Stuli ndogo iliyosahaulika kwenye kona hutokea kubwa kuliko kochi. Ndiyo maana tunaomba stuli za ziada, mtungi wa gesi, madumu na ndala za bafuni vitoke kabisa. Si kwamba tunaona aibu na maisha ya mtu.

Taa nazo zinatugombanisha na wateja. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: balbu ya njano iko kwenye 2,700 hivi, nyeupe kali 6,500. Jicho lako linazoea zote mbili bila wewe kujua. Kamera huchagua rangi moja ya mwanga kwa picha nzima, kwa hiyo ukichanganya balbu, nusu ya ukuta itakuwa ya bluu na nusu ya chungwa, na utasema fundi wa picha hajui kazi. Nunua balbu za aina moja kwa chumba kimoja. Na ukituona tunazima feni na kukataza watu kupita, ni kwa sababu kila pembe tunaipiga mara tatu hadi tano, kuanzia giza hadi mwanga mkali, kisha tunaziunganisha ili sebule ionekane na bustani ya nje ya dirisha ionekane. Pazia likipepea katikati, tunaanza upya.

Njia ya mkato inayowagharimu watu zaidi ni ile ya kurundika kila kitu kwenye chumba kimoja na kukifunga. Mteja mmoja wa Sakina alifanya hivyo. Nyumba ya vyumba vitatu, picha za vyumba viwili. Kila aliyempigia dalali aliuliza chumba cha tatu kina nini: kinavuja? Kina mpangaji aliyegoma kutoka? Akatuita tena kupiga chumba kimoja tu, na alilipa. Mwingine alipaka rangi usiku wa kuamkia siku ya picha ili kuficha unyevu wa masika. Rangi haikukauka, na mwanga wa dirishani ukaonyesha mabaka yote. Afadhali angeuacha ukuta ulivyo.

Ufa hatufuti. Unyevu hatufuti. Mnunuzi atakuja na fundi wake, atauona, na kuanzia hapo hataamini hata ukubwa wa kiwanja. Mzee mmoja wa Moshi alitaka Kilimanjaro ionekane kutoka kibarazani kwake, jambo zuri, maana kweli inaonekana. Tulimwambia geti liwe wazi saa 12 na nusu asubuhi. Tulifunguliwa saa 4, mlima umeshajifunika mawingu. Akatuomba tuubandike kutoka picha nyingine. Nilikataa, akanuna. Tukalala Moshi, alfajiri tukaupata mlima wake mzima, theluji na yote, na picha hiyo ndiyo aliyoiweka ya kwanza kwenye tangazo.

Majani yafyekwe siku tatu kabla, si asubuhi ile, maana yakifyekwa leo hubaki na vipande vya kahawia. Deki ipigwe mapema sakafu ikauke. Vioo vya madirisha vifutwe, hasa kiangazi cha vumbi. Picha za familia, vyeti ukutani na namba za gari viondolewe, kwa sababu tangazo likishaingia kwenye WhatsApp za madalali linazunguka Arusha nzima, na watu wasiokujua wataijua sebule yako.

Siku mbili kabla hatujaja, tutumie video ya dakika moja ukipita kila chumba, na choo usikiruke. Tutakuambia cha kuondoa, bila malipo. Mama wa Njiro tulimwomba video hiyo mara mbili. Mwezi wa sita hadi wa nane, wingu la asubuhi la Arusha linapochelewa kufunguka, picha za nje tunazipanga mchana, kwa hiyo usituwekee miadi ya saa 2 asubuhi ukitegemea jua.