Idi, mwambie daktari ukweli

Mwanangu Idi,

Salamu kutoka Tanga, sisi sote wazima. Mjomba wako kaniambia umepangiwa upasuaji wa muundi, yaani mfupa wa mguu chini ya goti, mwezi ujao, utiwe chuma kwa kuwa mfupa haujaunga. Kaniambia pia kwamba daktari alipokuuliza kama unavuta, ulijibu huvuti. Baba, pale ulimdanganya nani?

Sikuandikii kukugombeza, umeshakuwa mtu mzima. Nakuandikia kama muuguzi aliyestaafu akiwa thieta, chumba cha upasuaji. Mtaalamu wa usingizi haulizi habari za sigara ili akuhukumu. Anataka kujua mapafu yako yatamfanyia nini ukishalala. Mvutaji akiwekewa mpira wa hewa kooni, kifua hubana upesi na makohozi huwa tele, na akizinduka nimonia humnyemelea kuliko mwenzake. Tena moshi una kaboni monoksidi, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Hiyo hupungua sana ukikaa siku nzima bila kuvuta, kwa hiyo hata ukishindwa yote, usiku wa kuamkia upasuaji usiguse sigara.

Ila mfupa hauridhiki na siku moja. Mfupa huungwa na damu, na nikotini iliyomo kwenye tumbaku hubana mishipa midogo inayoipeleka. Muundi, hasa huku chini, tangu hapo hupata damu kidogo, na ngozi yake nyembamba. Ndiyo maana wavutaji huchelewa kuunga, wengine hawaungi kabisa wakarudishwa mezani, na vidonda vyao hutunga usaha kwa urahisi.

Huko Denmark walichapisha utafiti mwaka 2002, wa wagonjwa 120 wa kubadilishiwa nyonga na goti. Waliosaidiwa kuacha au kupunguza sigara wiki 6 hadi 8 kabla, waliopata matatizo walikuwa asilimia 18. Wale ambao hawakusaidiwa, asilimia 52. Zaidi ya nusu, Idi! Shirika la Afya Duniani nalo linasema wiki 4 hivi kabla ya upasuaji zinaleta nafuu kubwa. Wiki 4 unazo, ukianza leo.

Kijiweni watakwambia ukiacha karibu na upasuaji kifua ndiyo huharibika. Kukohoa unaweza kukohoa kidogo, lakini hiyo si sababu ya kuendelea kuvuta. Na shisha usiniambie ni harufu ya matunda tu, nikotini imo, na kaboni monoksidi ya mkaa juu yake. Ukizidiwa na hamu, muulize daktari kuhusu vibandiko vya nikotini kuliko kurudia moshi. Na ukitoka hospitali usiseme kazi imekwisha, muundi huchukua miezi kuunga.

Kabla ya kulazwa, rudi kliniki ukawaambie unavuta ngapi kwa siku. Hawatakushangaa. Halima atapita kwako Jumapili. Mpe pakiti zote, na ile ya mfuko wa koti pia.

Mamako