TV kubwa yuzdi, tupeane bei ya haki

Mhariri, assalaam alaykum. Nina langu kuhusu hizi tv kubwa zilizokwisha tumika, inchi 55 na 65, maana hapa mjini ukisema tu unauza, dalali keshakutajia bei ya kutupa hata hajaiona ikiwaka. Eti mpya zimeshuka bei. Sawa zimeshuka, lakini si hivyo jamani.

Mimi naona hesabu ianzie kwenye mpya ya saizi ile ile inauzwaje leo madukani Mlandege, si wewe uliinunua ngapi zamani, halafu ndo mkate kwa umri na hali ya kioo. Kioo ndo tv yenyewe, kikipasuka au kikiwa na mistari fundi atakwambia bora ununue nyengine. Kwa hiyo muuzaji iwashe mbele ya mtu, weka picha nyeupe tupu yaonekane madoa na pembe zilofifia, kisha igeuze nyuma aone matundu ya waya na skrubu, maana sie wa pwani chumvi inakula kila kitu, nyumba ya karibu na bahari utakuta kutu mpaka kwenye stendi. Rimoti ikiwa haipo punguza, usibishane.

Na nyie mnaonunua kupeleka Pemba, tv isafiri imesimama, msiilaze chini ya magunia melini halafu mnampigia mtu simu kawauzia mbovu. Hilo ndo linalotugombanisha sana.

Msomaji wenu, Unguja