Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: kioo kilichofunga ndoa na bodi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: SIMU TUNAZONUNUA BILA KUZIMILIKI

Mheshimiwa Waziri, nakuandikia kutoka Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Mbele yangu mezani kuna simu mbili za toleo moja na rangi moja, zilizonunuliwa mpya kwenye boksi, duka moja. Moja ni yangu, nyingine ya mdogo wangu. Yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, bodi, yaani ubao mkuu wa umeme ndani ya simu, ikafa, kioo kikabaki kizima. Yangu ilianguka kwenye sakafu ya saruji, kioo kikapasuka, bodi ikabaki nzima. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaimaliza. Nikazipeleka zote kwa fundi wangu jirani na soko la Majengo, akakihamisha kioo. Ilimchukua chini ya saa moja na kazi ilikuwa safi, fremu haina hata alama ya kibanio.

Simu ilipowaka ikaleta ujumbe kwamba haikitambui kioo hicho. Sasa mwanga haujirekebishi wenyewe nikitoka juani na kuingia ndani. Kufungua simu kwa uso kumekufa kabisa. Kioo ni cha kampuni ileile, kimelipiwa pesa halali na risiti ninayo, lakini simu inakiona mgeni. Fundi alisugua macho, akaniambia maneno ambayo hayajanitoka hadi leo: "Kaka, siku hizi kioo kinafunga ndoa na bodi kulekule kiwandani. Talaka anaitoa mwenye kampuni peke yake."

Sitaitaja kampuni, kwa sababu tabia hii haiko kwa moja tu. Nitaeleza inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wanadhani fundi ndiye aliyeharibu. Kioo, betri na kamera vya simu nyingi za sasa vina chipu ndogo iliyoandikwa namba yake. Bodi inazihifadhi namba hizo tangu siku simu inaunganishwa kiwandani. Ukibadilisha spea, bodi inalinganisha namba, inakuta si ile inayoijua, na programu ya simu inazima kazi fulani au inakuwekea onyo la kudumu. Kioo chenyewe hakina kasoro yoyote. Kinachokosekana ni ruhusa, na ruhusa hiyo inatoka kwenye kompyuta za kampuni, kupitia programu ambayo fundi wa Majengo hana. Kijana huyu ni wa Kongwa. Alijifunza kazi kwa kukaa miaka mitatu pembeni ya fundi mwingine, leo anafanya kazi ya bodi kwa hadubini na mashine ya hewa moto, na anarudisha uhai kwenye simu ambazo wenzake wamezikatia tamaa. Ujuzi anao. Amenyimwa ufunguo.

Mheshimiwa, mimi si adui wa vifaa. Navipenda tangu nikiwa mdogo Kibaigwa, kwenye redio ya babu. Babu aliweka betri kubwa za chapa yoyote aliyoikuta dukani, na zikiisha tulizianika juani ili zituvushe hadi taarifa ya habari ya saa mbili. Nyuma redio ilikuwa na skrubu nne za kawaida. Niliifungua nikiwa na miaka kumi, nikachapwa, na wiki iliyofuata babu mwenyewe akaniita nimshikie tochi wakati akiunga waya wa spika. Yote ninayoyajua kuhusu umeme yalianzia pale. Watoto wangu leo wana vifaa bora mara mia kuliko ile redio, na hakuna hata kimoja wanachoweza kukifungua wakajifunza.

Nakubali pia kwamba mfumo uliofungwa una raha yake. Ukitumia simu, saa, spika za masikioni na kompyuta za kampuni moja, vinajuana vyenyewe. Unafungua kikasha cha spika, simu inauliza kama uunganishe, basi. Nimetumia vifaa hivyo na nimevifurahia. Nisingemkataza mtu kukaa ndani ya nyumba nzuri. Ninachokipinga ni mlango kufungwa kwa nje.

Na milango ya namna hiyo iko mingi kuliko simu za bei kubwa. Mama yangu mdogo yuko kijijini Mpwapwa. Alichukua mtambo wa sola wa kulipia kidogo kidogo, wenye taa na televisheni ndogo. Alilipa miezi yote hadi akamaliza, na tulimpongeza. Kisha boksi la betri likafa. Wakala aliyekuwa akipita kijijini hapiti tena. Nilimnunulia betri nzuri mjini na paneli yake bado inazalisha umeme, lakini pini za ile televisheni na zile taa ni za umbo ambalo sikulipata duka lolote la vifaa vya umeme Dodoma. Fundi wa pale kijijini amekata waya akaunga kwa kubahatisha, taa mbili zinawaka, televisheni haiwaki. Mama mdogo anauliza swali ambalo sina jibu lake: kama nilimaliza deni, kwa nini bado ni yao?

Jirani yangu wa bodaboda ana hadithi ya aina hiyo kwa simu ya mkopo. Kamaliza marejesho, ujumbe wa kumpongeza anao, lakini programu ya mkopeshaji bado imo ndani ya simu na haitoki. Mara mbili simu imejifunga akiwa barabarani na abiria. Kila mara anapiga huduma kwa wateja, anasubiri, wanamfungulia. Na ving'amuzi, Mheshimiwa! Televisheni za analojia zilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo nyumba nyingi zina rundo la maboksi chini ya televisheni, kwa sababu boksi la kampuni hii halifungui chaneli za ile. Ukihama kampuni, boksi ulilolilipia linabaki kuwa kizuizi cha mlango.

Nimesikia hoja kwamba Tanzania ni soko dogo, tusubiri wakubwa watunge sheria nasi tufaidike. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli kwenye vitu vya kushikika. Umoja wa Ulaya ulipoamua kwamba simu zitumie tundu moja la chaji la Type-C, sheria ilianza kutumika kwa simu tarehe 28 Desemba 2024. Apple, iliyokuwa na tundu lake la Lightning tangu 2012, ilihamia Type-C mapema, kwenye iPhone 15 ya Septemba 2023. Sisi hatukutunga sheria yoyote, ila leo mwenye iPhone mpya hapa Nyerere Square anaazima chaja ya mwenye Samsung. Kampuni haiwezi kutengeneza tundu la Ulaya na tundu la Dodoma, gharama hairuhusu, kwa hiyo sheria ya Brussels, makao ya Umoja huo, ilifika hapa ikiwa imepakiwa ndani ya boksi.

Kufuli la programu haliko hivyo, na hapa ndipo naomba umakini wako wote. Mwaka 2024 Ulaya hiyohiyo iliilazimisha Apple iruhusu maduka mengine ya programu kwenye iPhone. Apple ikaruhusu, kwa watumiaji walioko Ulaya. Simu inaangalia iko wapi. Iphone ileile, chuma kilekile, ikiwa Paris inaruhusu duka lingine, ikiwa Dodoma hairuhusu. Tundu la chaji halijui mpaka wa nchi. Programu inaujua, hadi mtaa. Kwa hiyo kadiri mapambano yanavyotoka kwenye tundu na skrubu na kuingia kwenye programu, ndivyo sheria za wenzetu zinavyoishia kwao. Kwenye kufuli za aina hii, nchi isiyotunga yake haipati chochote kwa kusubiri.

Wala ukubwa wa soko si kikwazo kama inavyosemwa. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 inayozuia kampuni kutumia hiyo ndoa ya spea na bodi kuzima kazi za kifaa au kuweka maonyo ya kupotosha, kwa simu zinazouzwa kuanzia Januari 2025. Oregon ina watu milioni 4 na kidogo. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 3 katika mkoa huu wa Dodoma peke yake, na zaidi ya milioni 61 nchi nzima.

Tena jambo hili tumeshalifanya wenyewe, kwa mkono wetu. Kabla ya 2014, ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, alipokea ujumbe wenye namba za siri, akazunguka kumtafuta wakala wa mtandao wako ili azitoe. Leo pesa inavuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kwa sekunde chache na hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na ukuta. Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, na namba ya simu ikawa ya mwenye nayo. Na tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Sisi sote tulibonyeza *#06# tukapata namba ya utambulisho wa simu, tukaituma kwenda 15090 kujua kama simu zetu zitaamka salama. Serikali iliyoweza kuingia kwenye simu ya kila mwananchi ili kumlinda dhidi ya bandia, inaweza pia kumlinda mwenye simu halisi.

Najua kampuni zitakuja na hoja ya wizi, na si ya kupuuzwa. Spea zikifungwa, mwizi hana pa kuuza kioo. Mimi mwenyewe niliporwa simu pale Sabasaba, najua uchungu wake. Lakini simu ya mdogo wangu haikuibiwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi, anaijua nywila yake, kitambulisho cha NIDA kiko mfukoni. Mfumo unaoweza kutambua namba ya kioo hauwezi kushindwa kumuuliza mwenye simu kama ameridhia kioo chake kihamie kwa kaka yake. Zuieni spea za simu zilizoripotiwa kuibiwa, nitawaunga mkono kwa moyo wote. Nyingine zote ziamuliwe na mwenye mali.

Ombi langu ni hili. TCRA tayari inaidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Katika masharti ya idhini hiyo, ongezeni sharti kwamba spea halisi iliyohamishwa kwa ridhaa ya mwenye kifaa haitazima kazi yoyote ya kifaa, na kwamba programu ya kuitambulisha spea hiyo itapatikana kwa fundi aliye Dodoma kama ilivyo kwa wakala aliyeteuliwa. Simu ya mkopo ikimaliza deni, kufuli litoke lenyewe siku hiyohiyo, bila kupiga simu kwa mtu. Boksi liandikwe kwa Kiswahili simu itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani. Kuanzia Juni 2025 Ulaya inadai angalau miaka mitano tangu toleo linapoacha kuuzwa. Hapa mnunuzi wa simu ya laki mbili haambiwi hata mwezi. Na kwa simu zilizotumika zinazotoka Marekani, muuzaji alazimike kusema wazi kama simu imefungwa kwa mtandao wa huko, au kama haina kabisa tundu la laini, maana iPhone za soko la Marekani kuanzia toleo la 14 zimeliondoa. Nimemwona mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, akiizungusha simu mkononi, anatafuta tundu ambalo halikuwahi kuwepo.

Sola na ving'amuzi najua vinagusa wizara na mamlaka nyingine. Naomba uzungumze nao. Kama lazima nichague kimoja cha kuanzia, nachagua spea, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopatia riziki, na kila toleo jipya la simu linawaondolea kazi moja waliyokuwa wakiiweza mwaka jana. Fundi wangu ameacha kupokea simu za matoleo mawili. Anasema anaogopa kuonekana tapeli mbele ya mteja, kwa onyo ambalo hakuliweka yeye.

Nafanya kazi ya ofisini, lakini Jumamosi niko huru, na siku nyingine nitaomba ruhusa. Simu zote mbili ninazo, na risiti zake. Fundi ameniambia yuko tayari kufunga kibanda siku hiyo na kuja na vifaa vyake. Tukipewa nusu saa na meza yenye mwanga mzuri pale Mtumba, atakihamisha kioo mbele yako, kisha utaiwasha simu wewe mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Chang'ombe, Dodoma