Barua kwa Somo Yangu: Hao Usiowaona Tena

Tanga

Somo yangu mpendwa,

Assalam alaykum warahmatullah. Baada ya salamu, barua yako niliipata kwa mkono wa shemeji, nami niliisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya kuuona mwandiko wako, na mara ya pili kwa hasira kidogo, ambayo naomba uniwie radhi, maana tumejuana tangu chuoni tulipokuwa tukisoma msahafu mmoja wawili, na hatujazoea kufichana. Umeniandikia kwamba sheria ya Ufaransa inayokataza kufunika uso hadharani, ambayo ulipofika huko ulikuwa ukiichukia, sasa unaiona imefanya kazi njema ya kuwakomboa wanawake na kuwaletea usawa, kwa kuwa mtaani kwenu wanawake wenye nikabu "huwaoni tena". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonikaa moyoni.

Wewe unajua kwamba mimi sivai nikabu, wala sina nia ya kuivaa. Nafuata kauli ya wanazuoni wasemao kwamba uso na viganja si katika vinavyopasa kusitiriwa, na kila mara nakumbuka kuwa mwanamke aliyehirimia amekatazwa nikabu hata akiwa mbele ya Al-Kaaba. Lakini wapo wanazuoni wakubwa walioiwajibisha, na wapo walioiona kuwa ni sunna, na hitilafu yao ni ya karne nyingi. Sidhani kama bunge la Paris ndilo litakaloimaliza.

Sheria yenyewe nimeitafuta nikaisoma. Ilitiwa saini tarehe 11 Oktoba 2010, ikaanza kutumika tarehe 11 Aprili 2011, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba haimtaji Mwislamu wala mwanamke: inasema tu kwamba mtu yeyote haruhusiwi kuvaa hadharani vazi la kuficha uso, kisha inawasamehe wanamichezo, wagonjwa na wenye sherehe za kimila. Anayevaa hutozwa faini isiyozidi yuro 150 au hupelekwa kwenye mafunzo ya uraia; anayemlazimisha mwenziwe huweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa yuro 30,000, na adhabu huwa maradufu ikiwa aliyelazimishwa ni mtoto. Hilo la pili, somo, ningelitia saini hata ukiniamsha usiku wa manane. La kwanza ndilo linalonishinda. Ikiwa mwanamke amelazimishwa na mumewe, kwa nini naye atozwe faini? Na ikiwa hakulazimishwa, anakombolewa kutoka kwa nani? Serikali yenyewe ilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2009 wanawake hao walikuwa wapatao 1,900 nchi nzima, idadi ambayo hata Uwanja wetu wa Mkwakwani isingeujaza.

Uliandika pia kwamba mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya imekwisha kusema neno la mwisho. Ni kweli kwamba tarehe 1 Julai 2014 kule Strasbourg Ufaransa ilishinda, kwa majaji 15 dhidi ya 2, lakini tazama ilishinda kwa hoja ipi. Aliyeshtaki alikuwa mwanamke raia wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1990, aliyesema kwamba si mume wala jamaa aliyemshurutisha, kwamba haivai nikabu kila siku, na kwamba hana kizuizi cha kuonyesha uso benki au uwanja wa ndege pale ukaguzi unapohitajika. Majaji waliikataa ile hoja yako unayoipenda, kwa kusema kwamba dola haiwezi kutumia usawa wa wanawake kukataza jambo linalotetewa na wanawake wenyewe. Na kuhusu usalama waliona kwamba katazo la kila mahali limezidi kiasi. Kilichobaki ni hoja moja tu, ya "kuishi pamoja", yaani kwamba uso una nafasi yake katika maingiliano ya watu. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ikaamua kesi za wanawake wawili waliotozwa faini, ikaona kwamba haki yao ya dini imevunjwa, na ikaonya kwamba katazo kama hilo laweza kuwafungia wanawake majumbani.

Hoja ya kuishi pamoja siidharau, kwa sababu kazi yangu ni ya kutazamana na watu. Katika chama chetu cha akiba na mikopo, siku za mwanzo nilipowekwa dirishani, alikuja mama mmoja mwenye nikabu kutoa fedha, nami, mbele ya foleni nzima ya wavuvi na waendesha bodaboda, nikamwambia afunue ili nimlinganishe na kitambulisho. Hakunijibu. Alikichukua kitabu chake taratibu, akakifuta kwa upindo wa baibui kana kwamba nimekichafua, akatoka. Siku hizi tuna pazia nyuma ya kabati la mafaili. Anaingia na karani mwanamke, anafunua, picha inatazamwa, kidole kinawekwa kwenye mashine, na hesabu inaendelea. Hayachukui hata dakika moja. Yule mama alirudi baada ya miezi mitatu, akiwa na mkwewe, akapanga dirisha la mwenzangu. Kwangu hajapanga hadi leo, na simlaumu.

Nawe mjukuu wa Unguja unisaidie kukumbuka jambo jingine. Zama za utumwa, kujisitiri kulikuwa ni kwa waungwana. Kijakazi alivaa kaniki na kichwa wazi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake walioachwa huru na binti zao walijipamba kwa kanga, kisha wakajitanda buibui, na aliyelivaa alikuwa akiwaambia waliokuwa mabwana zake kwamba sasa yeye ni mtu kama wao. Bibi yangu alivaa lile la zamani, la kufungwa kwa kamba kichwani. Akikutana na wanaume njiani alivuta upindo akajifunika uso, na kama mikono ilikuwa imeshika kapu, aliung'ata kwa meno. Aliufunika na kuufunua yeye mwenyewe, apendapo. Hata neno barakoa, kabla halijawa la corona, lilikuwa jina la kile kifuniko cha uso kilichotariziwa walichovaa mabibi wa Kiarabu wa Unguja. Na ajabu yake ni kwamba mwaka 2020 serikali yenu iliwaamuru watu wote wafunike pua na midomo ndani ya mabasi na treni, huku sheria ya 2010 ikiwa palepale.

Usidhani kwamba nimefumba macho. Binti wa jirani yetu alivalishwa nikabu na kaka yake alipofika darasa la sita, bila kuulizwa, naye alikuwa akiivua nyuma ya duka la mkaa na kuivaa tena akirudi. Aliyemsaidia ni shangazi yake, aliyefunga safari kutoka Pangani, akakaa barazani siku nne na yule kijana, hamtukani wala hamwachi. Leo binti anavaa mtandio, na anasoma. Je, angalikamatwa njiani na kuandikiwa faini, unadhani kaka yake angemwachia atoke kesho yake?

Iran ilijaribu njia zote mbili katika umri wa bibi mmoja. Mwaka 1936 mfalme alipiga marufuku shungi na askari wakawavua wanawake barabarani, na wako waliojifungia ndani miaka kadhaa. Baada ya mapinduzi ya 1979 likawa lazima, na mwaka 2022 Mahsa Amini, msichana wa miaka 22, alifia mikononi mwa waliomkamata kwa ajili ya mavazi yake. Mkono wa askari wa 1936 na wa 2022 ulishika kitambaa kilekile.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Ramadhani ya mwaka ule ulipowasili, uliniandikia habari za mama wa ghorofa ya tatu, Mualjeria, aliyekuletea supu na tende wakati hukuwa na mtu, mwenye nikabu, ambaye kila asubuhi mlishuka ngazi pamoja akiwapeleka wanawe shule. Katika barua zako za karibuni anayewapeleka watoto ni baba yao. Nimempa shemeji kasha mbili za halua, moja yako na moja ya mama huyo. Mgongee mlango, somo, umpe, ukae naye kidogo, kisha uniandikie alivyokuambia.

Wako, somo yako